Safari za siku saba na puja ya Everest: nani atapanga siku ya kuanza?

Tarehe 16 Mei 2025 wanaume 4 wa Uingereza, wote waliowahi kuwa askari wa vikosi maalumu, waliondoka London. Tarehe 21 asubuhi walikuwa kileleni Everest, mita 8,848.86 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya hapo walikuwa wamelala wiki nyingi nyumbani kwao ndani ya mahema yenye oksijeni pungufu, wakavuta gesi ya zenoni huko Ujerumani, kisha wakaenda Nepal na kupanda moja kwa moja. Msimu huohuo droni zilikuwa zikivusha ngazi na kamba kutoka kambi ya chini hadi ng'ambo ya maporomoko ya barafu ya Khumbu kwa dakika chache, mzigo ambao Washerpa, wenyeji wa milima hiyo wanaofanya kazi ya kubeba mizigo na kuongoza wapandaji, huupandisha mgongoni kwa saa kadhaa. Mabishano yaliyofuata yalihusu gesi: kama inaongeza nguvu, kama ni salama, kama ni haki. Pembeni yake yamezuka maoni mengine, kwamba mambo ya zamani ya kambini yanaelekea kwisha, na la kwanza kutajwa ni puja, ibada ya Washerpa ya kuomba baraka kabla ya kupanda. Ratiba ya wiki 6 ilikuwa na nafasi ya kukaa asubuhi nzima mbele ya madhabahu ya mawe. Ya siku 7 haina.

Wanaosema hivyo, wawe wanafurahi au wanasikitika, wanaichukulia puja kama urithi wa kutunzwa au kuachwa. Hapo ndipo wanapokosea. Puja ya kambini ni sehemu ya kazi. Ni siku pekee katika msimu mzima ambayo mfanyakazi ndiye huamua kazi ianze lini, na mteja mwenye fedha hukaa chini akingoja. Ikifutwa, au ikigeuzwa onyesho la kupigia picha, kinachopungua ni mamlaka ya mtu anayevuka barafu ile mara nyingi kuliko wote. Ndiyo maana suala la safari fupi linapaswa kujadiliwa kama suala la ajira, na puja iwemo ndani ya mjadala huo.

Tuanze na anayeombwa. Washerpa walivuka Himalaya kutoka Kham, mashariki mwa Tibet, takriban miaka 500 iliyopita, wakaja na Ubudha wa madhehebu ya Nyingma. Kwao mlima una mwenyewe. Khumbila, mlima wa mita 5,761 unaosimama juu ya vijiji vya Khumjung na Khunde, ni makao ya mlinzi wa bonde lote la Khumbu, na kwa sababu hiyo haupandwi, ingawa umezungukwa na milima mirefu zaidi inayopandwa kila mwaka. Everest, ambao wenyewe wanauita Chomolungma, ni makao ya Miyolangsangma, mmoja wa madada 5 wa Maisha Marefu. Huchorwa akiwa amempanda chui milia, mkono mmoja umeshika bakuli la chakula na mwingine nguchiro anayetema vito. Yeye ni mtoaji wa riziki, na kwa familia za Khumbu zilizosomesha watoto kwa mishahara ya kupanda mlima, riziki hiyo si ya kufikirika. Lakini mtoaji huyo anaweza kukosewa. Anakosewa kwa damu ya mnyama aliyechinjwa mlimani, kwa moshi wa takataka au wa nyama inayoungua, kwa ugomvi na ufuska kambini, na kwa kitendo chenyewe cha kumkanyaga kwa viatu vyenye meno ya chuma na kuchoma barafu yake kwa misumari. Kila anayepanda anajua kwamba kosa la mwisho haliepukiki. Ndiyo maana puja huomba ruhusa na msamaha kwa pamoja, kabla kosa halijatendwa.

Si kweli kwamba ibada hii imefanyika mahali pale tangu zamani za kale. Kabla ya wageni kuja, Msherpa hakuwa na sababu ya kwenda kileleni. Alichokuwa nacho ni ibada ya moshi na sadaka kwa miungu ya mahali, inayofanyika nyumbani asubuhi na vijijini katika sikukuu. Msafara wa Waingereza wa mwaka 1922, uliopitia upande wa Tibet, ulipokewa katika monasteri ya Rongbuk, iliyoanzishwa 1902, na lama wake mkuu, yaani kiongozi wa watawa wa Kibudha. Tarehe 7 Juni mwaka huo theluji iliporomoka chini ya North Col, tandiko la mlima upande wa kaskazini, na kuua wapagazi 7. Mwaka 1953 msafara uliofanikiwa ulijikusanya Tengboche, kwenye monasteri iliyoanzishwa 1916, na Tenzing Norgay alipofika kileleni 29 Mei alifukia biskuti, chokoleti na peremende ndani ya theluji kama sadaka. Kadiri misafara ilivyoongezeka upande wa Nepal, ibada ilipanda pamoja na wafanyakazi hadi kambi ya chini, mita 5,364, ikajengewa madhabahu juu ya mawe ya mto wa barafu. Imewekwa pale na watu waliokuwa wakienda kazini. Wanaoidharau kwa sababu ni ya juzijuzi wanatoa, bila kujua, ushahidi mzuri kwamba ilizaliwa na kazi.

Sasa utaratibu, kwa sababu hoja yote iko ndani yake. Wa kwanza kabisa ni mafundi wa barafu, kikundi cha Washerpa kinachotengeneza njia katika maporomoko ya Khumbu kwa niaba ya kamati ya Khumbu ya kuzuia uchafuzi, SPCC, iliyoanzishwa 1991. Hao hufanya puja yao kabla hawajafunga ngazi ya kwanza. Baadaye, wakati wa Aprili, kila kundi hufanya ya kwake. Siku haichaguliwi na ofisi ya Kathmandu wala na mteja. Sirdar, yaani kiongozi wa Washerpa wa kundi, hupata siku njema kwa lama anayesoma kalenda ya Kitibeti, na mpaka siku hiyo ipite hakuna wa kundi lake anayeingia kwenye maporomoko. Mgeni anayefika na misuli tayari na hali ya hewa nzuri akaambiwa angoje siku 3 anaweza kuona anapotezewa muda. Anachokutana nacho hapo ni kanuni ya kwanza ya mlima ule: kwamba kuna mtu mwingine mwenye neno juu ya siku ya kuanza.

Madhabahu hujengwa na Washerpa wenyewe kwa mawe bapa, mnara wa mraba unaofika kifuani au zaidi, wenye kidirisha upande wa mbele cha kuwekea sadaka na mahali pa moto pembeni. Katikati huachwa nafasi ya mlingoti. Kidirishani huwekwa torma, vinyago vya unga wa shayiri vilivyopambwa kwa siagi, pamoja na mchele, matunda, biskuti, chokoleti, pombe ya wali au shayiri wanayoiita chang, na siku hizi chupa za wiski, bia na Coca-Cola. Wanaocheka kuona soda madhabahuni wanasahau kwamba sadaka ni chakula kizuri ulichonacho, na kambini soda iliyopandishwa hadi mita 5,364 ni kitu cha thamani. Chini ya mnara huegemezwa vifaa vitakavyotumika: mashoka ya barafu, meno ya chuma ya buti, mikanda ya kujifungia kamba, kofia ngumu, wakati mwingine buti zenyewe. Vifaa vya Sherpa na vya mteja huchanganywa, havitengwi. Kwa saa 2 hivi shoka la mkurugenzi wa kampuni huko Ulaya linaegemea shoka la kijana wa kijiji cha Thame, na yote mawili yanaombewa kwa sala moja.

Lama, au Msherpa wa kundi aliyewahi kusoma monasterini, huketi mbele ya madhabahu na kurasa ndefu zisizoshonwa mapajani, akisoma kwa mdundo wa ngoma na matoazi. Moto huwashwa kwa matawi ya mreteni. Moshi wake husafisha mahali na watu, kisha miungu hualikwa kwa majina, hupewa kinywaji cha kumiminwa, husifiwa na kuombwa. Ombi ni la kupita salama na kurudi, na la kusamehewa. Karibu na mwisho mlingoti husimamishwa na kamba za bendera za sala huvutwa kutoka kileleni pake hadi pembe za kambi, rangi zikifuatana bila kubadilishwa: buluu ya anga, nyeupe ya upepo, nyekundu ya moto, kijani ya maji, njano ya ardhi. Kunguru akitua mlingotini watu hufurahi, ni dalili njema. Kisha kila mmoja hushika mchele mkononi na kuurusha juu mara 3 kwa kelele za ushindi wa miungu, hufuata unga wa shayiri ambao hurushwa na kupakwa mashavuni, ili mtu aishi mpaka awe na mvi. Lama huwafunga shingoni uzi mwekundu wenye fundo aliloliombea. Sadaka hugawanywa na kuliwa, chupa hufunguliwa, Washerpa hushikana mabegani kwa safu na kucheza.

Mambo hayo hayajiendei yenyewe. Msingi wa madhabahu uko juu ya barafu iliyofunikwa kifusi, na barafu hiyo huyeyuka msimu mzima, kwa hiyo mnara uliojengwa kwa mawe ya mviringo au bila kusawazisha chini huanza kuinama kabla ya Mei. Mawe mapana huwekwa chini, na mlingoti hukazwa kwa mawe ndani kabisa ya mnara, la sivyo upepo na uzito wa bendera huuvuta upande mmoja. Mreteni mkavu hutoa ndimi za moto bila moshi, na kinachotakiwa ni moshi, kwa hiyo juu ya makaa huwekwa matawi mabichi machache machache. Wingi wake si jambo dogo. Miti haioti kambini, mreteni hutoka mabonde ya chini, hukua polepole mno, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha miti haikatwi ovyo. Kundi linaloheshimu ibada hubeba mzigo mdogo na kuutumia kwa mpango, kwa sababu moto huohuo utawashwa tena alfajiri za kuondoka, wakati wapandaji wanapoupita mnara saa 8 au saa 9 za usiku wakirusha mchele kidogo kabla ya kuingia barafuni. Kurasa za lama hubanwa kwa jiwe zisipeperuke. Bendera hazigusi ardhi wala hazirukwi kwa mguu, na kamba zake zinafungwa juu ya njia za watu na mbali na uwanja wa helikopta.

Wageni nao wana makosa yao, na mengi yanatokana na kutoambiwa. Wanakaa wakinyoosha miguu kuelekea madhabahu. Wanasimama katikati kuongea na simu ya setilaiti. Wanakuja na jaketi jembamba kwa sababu jua limetoka, kisha wingu likifunika wanatetemeka kwa saa nzima, na mtu ambaye hajazoea mwinuko akitetemeka hivyo hurudi hemani na kichwa kinachopasuka. Godoro la kukalia, jaketi zito na chupa ya maji ni vitu vya lazima. Pombe inahitaji busara zaidi. Kuonja kinachozungushwa ni adabu, na kuchovya kidole cha pete na kunyunyiza matone hewani kunatosha kwa asiyekunywa. Kunywa kama harusini siku chache baada ya kufika mita 5,364 kunakausha mwili, na asubuhi yake hakuna anayejua kama kichwa kinauma kwa wiski au kwa ugonjwa wa mwinuko. Kosa kubwa kuliko yote huja siku za baadaye, wakati jikoni kuna plastiki za kuchoma na mtu anazitupa kwenye moto wa madhabahu. Nimeona wageni wakishangaa kwa nini mpishi mpole amebadilika ghafla. Kwake umechafua mahali ambapo maisha ya ndugu zake yameombewa.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya puja, na iliyo dhaifu kuliko zote, ni kwamba haizuii vifo. Wanaoitoa hutaja 18 Aprili 2014, barafu ilipoanguka kutoka bega la magharibi la Everest na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal ndani ya maporomoko, na 25 Aprili 2015, tetemeko la ardhi lilipoangusha theluji juu ya kambi yenyewe, kwenye madhabahu zilizokuwa zimekwisha kuombewa. Hoja hii inampa Msherpa dai ambalo hajawahi kulitoa. Sala ya puja ni ombi na msamaha kwa mwenye mlima, na anayeombwa ana hiari. Tena watu walewale wanaoomba ndio wanaohesabu. Baada ya 2014 mafundi wa barafu waliihamisha njia kuelekea katikati ya maporomoko, mbali na bega lile, ingawa njia ya katikati ni ngumu zaidi na ina ngazi nyingi zaidi. Hakuna aliyeona kwamba kuhamisha njia ni kukosa imani, wala kwamba kuomba ni kukosa maarifa. Msherpa huangalia utabiri wa hali ya hewa uliotumwa kwa setilaiti, hukagua misumari ya barafu kwa mkono, kisha hupita kushoto kwa madhabahu. Wanaotaka achague kati ya hayo wanamletea ugomvi wa kwao.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba puja imekuwa bidhaa. Inatajwa kwenye vipeperushi vya kampuni, inapigwa picha na droni, na wapo wasafiri wa kutembea tu hadi kambini, wasiopanda kokote, wanaouziwa baraka kama kipengele cha safari. Hili ni kweli na linaumiza. Lakini tutofautishe mambo. Furaha, pombe na vicheko si dalili za biashara, vimo ndani ya ibada yenyewe tangu vijijini. Wala fedha anazopewa lama si rushwa, sadaka kwa msomaji ni desturi ya kawaida. Biashara huingia pale saa ya ibada inapohamishwa ili mwanga wa picha uwe mzuri, sala inapokatwa kwa sababu helikopta inangoja, au siku inapochaguliwa na ofisi na lama akaambiwa aipe baraka. Yaani inaingia pale pale ambapo mamlaka ya siku yanamtoka sirdar. Puja iliyojaa kamera lakini ikafanyika siku ya lama bado inafanya kazi yake. Ya siri, isiyo na kamera hata moja, iliyopangwa na meneja, haifanyi.

Hoja ya tatu ndiyo inayostahili kujibiwa kwa uangalifu, na wanaoitoa mara nyingi ni marafiki wa Washerpa. Wanasema ibada inawapa wenye kampuni mahali pa kuuficha wajibu: mfanyakazi akifa, ni mapenzi ya mlima, na mteja aliyefungwa uzi mwekundu shingoni anaona kila kitu kimekwisha kulipwa. Mwaka 2014 serikali ya Nepal ilianza kwa kuzipa familia za marehemu rupia 40,000, kama dola 400, za mazishi. Lakini tazama kilichotokea kambini. Watu waliokuwa wameomba pamoja siku chache kabla walikusanyika tena, wakaomboleza, wakaandika madai yao ya bima, fidia na matibabu, na wakakataa kurudi barafuni mwaka ule. Wengine walisema waziwazi kwamba kupanda juu ya miili ya wenzao ambayo haijatolewa ni kumkosea mwenye mlima. Msimu wa upande wa kusini ukaishia hapo kwa karibu makundi yote, na bima ya kifo ikapandishwa hadi rupia milioni 1.5. Imani haikuwafanya wakae kimya. Iliwapa sababu ambayo mwajiri hakuweza kuipinga kwa hesabu za hasara, na iliwapa mkusanyiko uliokuwa tayari, wenye mahali pake na watu wake. Kampuni inayojificha nyuma ya miungu inastahili lawama kwa mkataba wake mbovu. Kuiondoa puja hakutauboresha mkataba huo, na kutawanyima wafanyakazi mahali pao pa kukusanyika.

Kwamba heshima kwa mwenye mlima inaweza kumfunga mgeni hata pale inapomgharimu, historia ina mfano ulio wazi. Mei 1955 Joe Brown na George Band waliufikia upeo wa Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, wakasimama hatua chache chini ya kilele kwa sababu walikuwa wamemwahidi mtawala wa Sikkim kwamba kilele hakitakanyagwa. Wengi waliofuata walifanya vivyo hivyo. Hakuna polisi aliyekuwa pale juu. Sharti lilikubaliwa chini, mapema, na watu wenye uwezo kamili wa kulivunja.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Mei 2022 James Kagambi alikuwa Mkenya wa kwanza kufika kileleni Everest. Mei 2024 Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, alifariki karibu kabisa na kilele, na aliyekuwa naye, Nawang Sherpa, hakurudi. Maombolezo yetu yalikuwa ya Kirui, na ilikuwa haki yake. Lakini kila mpandaji anayetoka kwetu huenda na mtu kama Nawang, na swali la nani ana sauti ya kusema "leo hatuendi" linahusu nyumba mbili. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua mizani ya getini, ambapo mzigo hupimwa kabla ya hatua ya kwanza na hakuna mteja anayeruka foleni kwa kuwa ana haraka. Mizani haimzuii mtu kuugua juu ya kambi ya Barafu au kuteleza usiku wa kileleni. Inachofanya ni kuilazimisha kazi isimame kwanza mahali ambapo mnyonge ana haki iliyowekwa wazi. Khumbu hakuna mizani ya namna hiyo kwenye mlango wa maporomoko. Kuna mnara wa mawe na siku ya lama.

Turudi kwa safari za siku 7. Watetezi wake wana hoja moja ambayo si ya kupuuzwa: mteja aliyekwisha kuzoea mwinuko nyumbani havuki maporomoko kwenda na kurudi kufanya mazoezi, na kila mzunguko unaofutwa ni mizigo michache, mitungi michache na safari chache za Washerpa chini ya bega la magharibi. Droni zinaongeza faida hiyo. Mteja wa kawaida huvuka maporomoko mara chache kwa msimu, Sherpa anayebeba mizigo huvuka mara nyingi mno, wengine 20 na zaidi. Teknolojia inayopunguza hesabu hiyo inastahili kuungwa mkono na kila anayejali maisha ya watu hawa, na hakuna kitu ndani ya puja kinachoipinga. Ngazi iliyoletwa na droni inaweza kuegemezwa madhabahuni kama shoka lolote.

Tatizo liko kwenye kalenda. Safari fupi inauzwa kwa ahadi ya tarehe: umeomba likizo ya wiki 1 au 2, utakuwa kazini Jumatatu fulani. Mteja anafika katikati ya Mei, puja ya kundi ilifanyika Aprili, mbele ya watu ambao hajawajua. Hakukaa chini kuwangoja. Hakupakwa unga na mtu atakayemfungia kamba. Anapokutana na sirdar kwa mara ya kwanza, kila siku tayari ina bei, na sirdar akisema ngoja, anasema dhidi ya tikiti ya ndege. Zamani kungoja kulizoewa wiki nzima kabla ya hatari kuanza, kwa jambo ambalo halikuwa na ubishi. Sasa mara ya kwanza mteja kuambiwa angoje inaweza kuwa usiku wa kwenda kileleni, mahali pabaya kuliko pote pa kujifunza somo hilo.

Kinachotakiwa kinawezekana. Kampuni inayouza safari fupi iandike kwenye mkataba kwamba siku ya kuingia kwenye maporomoko inapangwa na sirdar baada ya puja, na kwamba kuchelewa kwa sababu hiyo hakurudishi fedha wala hakupunguzi bakshishi. Mteja aliyechelewa ibada ya kundi akae walau asubuhi moja kwenye ibada fupi pamoja na Washerpa watakaopanda naye, siku wanayoichagua wao, na simu zizimwe mpaka mchele urushwe. Sadaka ya lama, mreteni na vyakula vya madhabahuni vilipwe na kampuni kama vinavyolipwa kamba na gesi, visikatwe kwenye mifuko ya wafanyakazi. Bima na fidia zihesabiwe kwenye ukurasa wake, pasiwe na mtu atakayesema uzi wa shingoni unatosha. Nepal imepandisha ada ya kibali cha Everest kwa wageni kutoka dola 11,000 hadi 15,000 kuanzia Septemba 2025, na wanaolipa kiasi hicho watataka tarehe zao ziheshimiwe zaidi kuliko zamani. Serikali iliyoweza kuandika kanuni ya ada inaweza kuandika mstari mmoja zaidi: kwamba kundi lisilo na saini ya sirdar wake, iliyowekwa kambini baada ya Washerpa kukamilisha maandalizi yao yote, puja ikiwemo, haliingii barafuni.